Hasi Kumi, Hasi Tisa

1

Sekela aliwapima wote wawili kwenye kiti kimoja, kwa sindano za pakiti moja, ili mtu asije akasema alipendelea. Wa kwanza alikuwa Ambakisye, mumewe. Wa pili alikuwa Lutengano, fundi mkuu wa minara. Walikuwa wametoka nje ya kuba pamoja kuukaza mnara wa mawasiliano uliopindishwa na upepo. Waya ukakatika, ukawachapa usoni, ukapasua barakoa zote mbili. Walirudi mbio wakiwa wamejiziba pua kwa viganja, utadhani kiganja cha mtu kinaweza kuzuia kitu kisichoonekana.

"Usinitazame hivyo," Ambakisye alisema, akijilazimisha kucheka. "Nimevuta pumzi mbili tatu tu."

"Nyamaza. Ukiongea mkono unatikisika."

Kule nje, juu ya uwanda wa Kitulo, punje zilielea kila mahali. Watu wa zamani walizitengeneza wakati wa ukame mkuu: vidude vidogo kupita kiasi, vilivyonasa ukungu, vikaugeuza matone, na vikajizalisha vyenyewe. Mvua ikarudi. Punje hazikuondoka. Ziliikuta damu ya mtu ni tamu kuliko ukungu, zikaanza kuzaana humo, na zikishajaa, mtu huzitoa kwa kila pumzi anayoshusha. Ndiyo sababu mji wa Uwandani ulikaa chini ya kuba la kioo, na ndiyo sababu hakuna aliyeruhusiwa kulala ndani akiwa na punje mwilini.

Dawa ilikuwepo. Ilivunja maganda ya punje, na kila punje iliyovunjika ilitoa joto lake. Zikiwa chache, mgonjwa alipata homa, akatoka jasho, akapona. Zikizidi kiwango, damu ilichemka mishipani. Kiwango kilichongwa juu ya mlango wa chumba cha dawa: 1 × 10⁻⁸, gramu kwa kila mililita ya damu. Kabla hakijachongwa, mwalimu wa kwaya alitiwa dawa akiwa amezidi kidogo tu. Sekela ndiye aliyekiosha kiti alichofia.

Siku hiyo ghalani ilikuwa imebaki chupa moja.

Mizani ya kupimia damu ikanyamaza, kioo chake kikawaka:

Ambakisye 2.3 × 10⁻⁹
Lutengano 8.1 × 10⁻¹⁰

Sekela hakuhitaji kusoma mara ya pili. Vipimo vya namna hii vina sifuri nyingi mno baada ya nukta, na jicho likizifuata hupotea njiani. Kwa hiyo wapimaji huandika namba fupi mbele, kisha kipeo cha kumi, ambacho hueleza nukta imesogezwa hatua ngapi. Hasi kumi iko hatua moja chini ya hasi tisa, na kila hatua ni mara kumi. Kwanza unatazama kipeo. Namba ya mbele inakuwa na la kusema pale tu vipeo vinapolingana. Mzigo wa Lutengano ulikuwa kama theluthi moja ya mzigo wa Ambakisye.

Na sheria ya mji ilikuwa ya maneno machache: mwenye mzigo mdogo hutangulia. Aliyebaki husubiri nje, katika kibanda cha hali ya hewa upande wa pili wa kioo, mpaka malori ya dawa yafike. Kama yatafika kabla hajavuka kiwango.

"Vipi?" Ambakisye aliuliza.

Sekela alikuwa akimfunga pamba mkononi. Alikaza fundo kuliko ilivyohitajika.

"Twende uwanjani," alisema. "Watu wanangoja."

2

Ubao wa uwanjani ulitengenezwa na mtu aliyependa uzuri kuliko akili. Namba za mbele ziliandikwa kwa chaki katika nafasi kubwa kama masinia, zikionekana hata kutoka mlango wa jiko la umma. Vipeo vilikuwa juu pembeni, vidogo kama kucha. Kwa miaka yote hiyo halikuwa tatizo, kwa sababu wagonjwa walikuja mmoja mmoja, na Sekela mwenyewe ndiye aliyesema huyu anatibika, huyu hatibiki.

Mwenyekiti Chengula alisimama chini ya ubao, mikono nyuma. Alikuwa mkulima wa viazi kabla hajawa mwenyekiti, mtu mwenye huruma, na huruma yake ilimfanya apende mambo yaishe upesi.

"Soma, Mpima," alisema.

Sekela alisoma. Alisoma kila kitu. "Ambakisye Mwasote, mbili nukta tatu, mara kumi, kipeo hasi tisa. Lutengano Kibonde, nane nukta moja, mara kumi, kipeo hasi kumi."

Chengula aliinua uso akautazama ubao. Midomo yake ilitembea.

"Mbili," alisema, "na nane." Akageuka. "Poleni sana, ndugu zangu. Mbili ni ndogo. Ambakisye atatangulia."

Sekela alikuwa na mdomo wazi tayari. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, neno moja tu, *hapana*, na angelisema pale pale lisingemgharimu kitu zaidi ya mume. Alimwona Ambakisye akishusha mabega, akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kwenye maji. Sekela akaufunga mdomo.

Sijasema uongo, alijiambia. Namba nimezisoma zote.

Kisha moyo wake ukampa sababu nzuri zaidi, na hiyo ndiyo iliyomponza: Lutengano ana punje chache, kwa hiyo ana muda mrefu zaidi. Anaweza kusubiri. Ambakisye hawezi. Malori yamekwisha kuondoka Mbeya. Wote wawili watapona, na hakuna atakayejua.

Lutengano hakuwa na sababu ya kuamini hayo. Alikuwa fundi wa minara; vipeo alivisoma kila siku kwenye mitambo yake. Alimtazama Sekela, si kwa hasira, bali kwa mshangao, kama unavyomtazama mtu uliyemkabidhi ufunguo wa mlango akakufungia nje.

"Dada Sekela," alisema. "Tafadhali rudia sehemu ya mwisho."

"Nane nukta moja," Sekela alisema. "Mara kumi. Kipeo hasi kumi."

"Umesikia, ndugu yangu," Chengula alisema kwa upole. "Usijitese."

"Mwenyekiti, hasi kumi ni ndogo kuliko..."

"Kila mtu angesema hivyo akiwa mahali pako. Hata mimi." Akawapungia askari wa lango. "Mpeni blanketi mbili. Kule kuna baridi."

Tulinagwe, mke wa Lutengano, alitoka mbio jikoni na maharage mabichi bado yamemganda viganjani. Aliwahi kumshika mumewe sikio tu, basi, kwa sababu walishaanza kumvuta. Lutengano alimwinamia akasema jambo. Sekela alikuwa karibu, alilisikia.

"Hesabu sifuri," alimwambia. "Hesabu sifuri."

Watu walidhani amechanganyikiwa.

3

Ambakisye alipata homa, akatoka jasho, akapona. Siku aliyoweza kukaa kitandani na kunywa uji, aliuliza habari za Lutengano kabla hajauliza habari yake mwenyewe.

"Yuko kibandani. Malori yako njiani."

"Alikuwa na ngapi?"

"Kunywa uji."

Kibandani kulikuwa na redio na kipimo cha mkononi, na kila asubuhi aliye nje alisoma kipimo chake, sauti ikasikika uwanjani kote. Alisoma kipimo tu. Zamani kidogo, mama mmoja aliyewekwa kule alimwimbia mwanawe kwenye redio hadi nusu ya mji ikalivamia lango kwa nyundo. Tangu hapo askari alikaa na swichi mkononi. Kikitoka chochote kisicho namba, alikata.

Asubuhi ya kwanza Lutengano alisema, "Nane nukta tisa, kipeo hasi kumi. Sekela amekosea..." na redio ikafa.

Siku iliyofuata alisema, "Vipeo ndivyo vya kulinganisha," ikafa tena, kabla hata hajafika kwenye namba. Chengula alisikitika, akasema si vizuri mtu kufa na kinyongo.

Baada ya hapo Lutengano hakujaribu tena kutumia maneno. Namba zilikuwa zikipanda taratibu, tisa nukta mbili, tisa nukta sita, na Sekela aliziandika ubaoni kwa masinia yale makubwa. Watu walipita wakitikisa vichwa. Halafu ikaja asubuhi moja.

"Moja nukta tatu," Lutengano alisema. "Kipeo hasi tisa."

Uwanja ulilipuka kwa furaha. Kutoka tisa hadi moja! Wanawake wa jikoni walipiga vigelegele, mtu mmoja akabeba ngoma. Chengula alimkumbatia Tulinagwe. "Mwili wake unapigana," alisema. "Nilijua. Yule ni kijana mwenye nguvu."

Sekela alisimama ngazini na chaki mkononi. Alitazama chini, nyuso zote zikimchekea kwa furaha, naye akatabasamu. Hakujua kwamba uso unaweza kufanya hivyo peke yake.

Kesho yake Lutengano hakusoma kipeo. Alisoma sifuri.

"Sifuri nukta sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri moja nane."

Askari akamtazama Chengula. Ni namba, Chengula alisema, mwache. Watoto waliokuwa uwanjani walicheka, wakageuza mchezo, wakawa wanarukaruka wakiimba sifuri sifuri sifuri hadi pumzi ziwaishie. Tangu siku hiyo Lutengano alisoma hivyo hivyo, polepole, akiachia nafasi kati ya kila sifuri na nyingine, kama mwalimu anayemngoja mtoto mzito.

Sekela alijua anamfundisha nani. Si mji. Alikuwa akimfundisha mtu mmoja, aliyekaa mlangoni pa jiko akichambua maharage.

4

Malori yalifika wakati Lutengano yuko kwenye tisa nukta nne, kipeo hasi tisa.

Yalikuwa yamechelewa, daraja lilikatika huko chini, madereva wakalala ndani ya vyumba vyao vya hewa wakingoja mafundi. Lakini yalifika, na dawa tele, makasha kwa makasha. Sekela aliposikia honi langoni alitoka mbio. Tisa nukta nne hasi tisa bado ni chini ya moja hasi nane. Chini kwa uzi mmoja, lakini chini. Akitiwa dawa leo, atateseka kwa homa kali, ila atapona.

Alimkuta Chengula ghalani, akisimamia makasha.

"Mwenyekiti, tumwingize Lutengano sasa hivi."

"Sasa hivi?" Chengula aliweka kasha chini. "Mpima, wewe mwenyewe umeandika tisa leo asubuhi. Yule mwalimu wa kwaya alikuwa na ngapi?"

"Moja nukta nne, lakini..."

"Moja. Akachemka mbele ya macho yangu. Unataka nimtie dawa mtu mwenye tisa?" Alimshika bega. "Wakati ule ilifika tisa ikashuka yenyewe. Itashuka tena. Ikishuka tu, nitalifungua lango kwa mkono wangu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sekela alijua wakati ule ule kwamba hapatakuwa na pengine. Angesema: moja ya mwalimu ilikuwa ya hasi nane, tisa hii ni ya hasi tisa, tisa hii ni ndogo. Na Chengula, ambaye hakuwa mjinga, angeuliza swali la pili. Angeuliza juu ya mbili na nane. Sheria ilikuwa wazi juu ya mtu aliyechukua zamu ya mwingine na juu ya mpimaji aliyemfichia: wote wawili hutupwa nje ya lango la mashariki, bila blanketi, bila kibanda, bila redio. Ambakisye alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta.

"Nitapima tena kesho," Sekela alisema.

Akaenda nyumbani. Ambakisye alikuwa amejikongoja hadi barazani kuota jua linalopenya kwenye kioo. Alikuwa akitaka kujua malori yameleta nini. Sekela alimjibu vitu viwili vitatu, akaingia ndani, akasimama katikati ya chumba bila kujua alichofuata.

Tulinagwe alikuja akiwa amebeba bakuli. Hakubisha hodi kwa nguvu; Ambakisye barazani alikuwa amesinzia, naye hakutaka kumwamsha. Alikaa mkekani, akamimina maharage, akayapanga kwa mafungu.

"Dada Sekela," alisema, "nisaidie. Mimi si msomi. Kila akisoma naweka punje moja ya harage kwa kila sifuri baada ya nukta. Haya ni ya jana, haya ya leo. Nane na nane. Lakini siku ile ya kwanza, zile ulizosoma wewe, nilimwomba mtoto wa shule anigeuzie. Akanipa tisa."

Sekela aliyatazama maharage.

"Sasa nimekaa nafikiri. Nukta, halafu sifuri moja, halafu tano, hiyo ni nusu ya sehemu ya kumi. Kwenye chumvi tunapima hivyo. Ukiongeza sifuri, chumvi inapungua. Si ndiyo?" Aliinua macho. Yalikuwa mekundu, hayana ukali wowote. "Kwa hiyo sifuri zikipungua, kitu kinaongezeka. Sivyo? Mume wangu hakushuka siku ile tuliyopiga vigelegele. Alipanda. Niambie nimekosea, dada. Sina mwingine wa kumwuliza."

Nje, Ambakisye alikohoa usingizini.

"Ni namna tofauti ya kusoma," Sekela alisema. "Redio, na baridi ile... anaruka sifuri nyingine. Usijitie wazimu, mdogo wangu. Anaendelea vizuri."

Tulinagwe aliyakusanya maharage, moja moja, akayarudisha kwenye bakuli.

"Ndaga," alisema, yaani asante, kwa lugha yao ya nyumbani. "Umenitoa wasiwasi. Leo nitalala."

5

"Sifuri nukta sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri moja mbili," Lutengano alisoma asubuhi iliyofuata. Sauti yake ilikuwa imepauka.

Mtoto mmoja alipaza sauti: "Moja! Imeshuka hadi moja!" na mji mzima ukamwagika uwanjani. Chengula alitimiza ahadi yake. Aliwaamrisha askari wawashe pampu za lango, akaagiza kiti cha dawa kiandaliwe, akaita redioni: "Lutengano, mwanangu, njoo langoni! Unarudi nyumbani!"

Sekela alikuwa juu ya ngazi. Moja nukta mbili, kipeo hasi nane. Usiku mmoja tu, na uzi umekatika.

Aliwaona wakimleta Tulinagwe mbele, amefungwa khanga mpya, akilia na kucheka. Aliona, ng'ambo ya kioo, mtu akitoka kibandani na blanketi mabegani, anakuja polepole. Alimwona Ambakisye akiegemea fimbo kati ya watu, akishangilia kwa mkono mmoja. Akafikiria kiti. Chupa ikifunguliwa, ingechukua muda mfupi sana. Kwanza mtu huomba maji, halafu macho yake hugeuka meupe kama yai lililochemshwa. Na watu wangesema ni bahati mbaya. Siri ingemalizikia kwenye kile kiti.

Mlango wa kwanza wa lango uliguna, ukaanza kufunguka.

"Funga!" Sekela alipiga kelele.

Hakuna aliyesikia. Alishuka ngazi, akaanguka kwenye kipandio cha mwisho, akajipenyeza hadi langoni na magoti yanavuja damu, akashika mkono wa askari uliokuwa kwenye swichi.

"Amezidi! Ni hasi nane. Mkimtia dawa mnamwua."

Vigelegele vilikatika vipande vipande, vya nyuma vikiwa vya mwisho.

"Ni moja," Chengula alisema. "Jana ilikuwa tisa."

"Jana ilikuwa ndogo. Leo ni kubwa. Kinachotazamwa ni kipeo, Mwenyekiti, sio namba ya mbele. Hasi kumi ni ndogo kuliko hasi tisa, hasi tisa ni ndogo kuliko hasi nane. Amekuwa akipanda siku zote. Hajawahi kushuka hata mara moja."

Uso wa Chengula ulikuwa wa mtu anayepanda ngazi gizani, akipapasa kipandio kimoja baada ya kingine. Sekela alimtazama akipanda, naye hakuweza kumzuia.

"Siku ile ya kwanza," Chengula alisema hatimaye. "Mumeo mbili. Yeye nane."

"Ya Lutengano ilikuwa hasi kumi."

"Kwa hiyo nani alikuwa na mzigo mdogo?"

"Lutengano."

"Nawe ulijua."

"Nilijua."

Nyuma yake fimbo ilianguka chini. Sekela hakugeuka. Tulinagwe alikuwa amekuja mbele yake, karibu kabisa, kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Jana nilikuja kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Jana angetibika?"

Sekela alitamani kupigwa. Alitazama mikono ya Tulinagwe akiomba iinuke.

"Jana angetibika," alisema.

Mikono haikuinuka. Tulinagwe alimpita tu, akaenda kwenye kioo. Lutengano alikuwa amefika upande wa pili, ameyasikia yote kwenye bomba la sauti. Alikuwa amekonda, na ndevu zimemwota vibaya. Alimtazama mkewe, akautazama mlango uliokuwa nusu wazi kati yao.

"Fungeni," alisema. "Mnapoteza hewa."

6

Hawakumtoa Sekela. Baraza lilikaa siku nzima, wengine wakidai sheria ifuatwe leo leo, na mwishoni Chengula akauliza swali moja: akitoka, nani atapima? Malori yangeendelea kuja, madereva wangeendelea kuhitaji kupimwa, na elimu ya kupima damu haikuwa kichwani mwa mtu mwingine mjini.

"Utabaki," alimwambia, bila kumtazama. "Kila asubuhi utasimama pale ukisoma namba za Lutengano kwa sauti. Namba yote. Halafu utawaeleza watu maana yake, mpaka mtoto wa mwisho aelewe. Ambakisye hakujua kitu. Naye abaki."

Ambakisye hakubaki. Sekela alimkuta nyumbani akikunja blanketi, taratibu, kona kwa kona, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi tangu waoane.

"Unakwenda wapi?"

"Yule bwana anakaribia kushindwa kuinuka. Hana mtu wa kumpa maji."

"Atakuwa anapumua punje, baba. Ukikaa naye chumba kimoja..."

"Najua."

"Dawa ipo. Ukirudi kabla ya hasi nane utatibiwa. Ambakisye, niahidi utarudi."

Alilitia blanketi kwapani. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayetafuta neno la kistaarabu la kumwambia mgeni.

"Nilikuuliza alikuwa na ngapi," alisema. "Ukaniambia ninywe uji."

Alitoka lango la kioo bila barakoa. Askari walimpisha.

Basi kila asubuhi Sekela alisoma namba za watu wawili. Lutengano alifika hasi saba, kisha hasi sita, na ilipofika hapo sauti iliyokuja redioni haikuwa yake tena. Ilikuwa ya Ambakisye, akisoma za wote, polepole, bila neno la ziada. Sekela alieleza. Watu walisikiliza kimya. Watoto hawakuimba tena sifuri. Walizihesabu kwa vidole, na walipokosea mama zao waliwasahihisha. Tulinagwe alisimama mbele kila siku, amejifunga khanga ile ile mpya. Asubuhi moja Ambakisye alisoma namba moja tu, na Tulinagwe akageuka, akarudi jikoni, na jiko halikuwashwa siku hiyo.

Namba ya Ambakisye ilikuwa sita nukta tisa, kipeo hasi tisa. Lutengano alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa tena na wa kumpa maji kule.

Kiti kiliandaliwa, chupa ikawekwa mezani. Chengula mwenyewe alisimama langoni, akaita redioni, akasema njoo, baba, hakuna anayekulaumu. Sekela alikaa karibu na kioo mchana kutwa. Alimwona Ambakisye akichimba nyuma ya kibanda, akipumzika, akichimba. Alimwona akiburuta blanketi lenye mzigo. Alipomaliza alikaa juu ya udongo mpya, mgongo ukiwa upande wa mji, naye Sekela aligonga kioo hadi vifundo vya vidole vikachubuka. Hakugeuka.

Kesho yake ilikuwa tisa nukta sita, kipeo hasi tisa. Lango liliachwa na mlango wa kwanza wazi, pampu zikinguruma.

Siku iliyofuata redio ililia saa ile ile. Sekela aliiandika namba ubaoni, akasogea kwenye kipaza sauti. Watu walikuwa wameshaiona. Hata wa nyuma kabisa walikuwa wamekikazia macho kile kitu kidogo cha pembeni, juu.

"Ambakisye Mwasote," alisoma. "Moja nukta tatu. Mara kumi. Kipeo hasi nane."

Halafu, kama alivyoamriwa, akawaeleza maana yake.

Alipomaliza alipangusa chaki mikononi, akarudi chumba cha vipimo. Malori mengine yalikuwa yamefika alfajiri, na madereva walikuwa kwenye benchi wakimngoja. Wa kwanza alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati.

"Kaa hapa," Sekela alimwambia, akachana pakiti ya sindano. "Usiongee. Ukiongea mkono unatikisika."